Nyumba ya kaka, funguo zangu, leseni ya nani?

Shangazi, shikamoo.

Tatizo langu si la ndoa. Ni la fleti ya vyumba viwili hapa Diani, ambayo imefika mahali pa kutugombanisha watoto wa mama mmoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 39, naishi Ukunda na watoto wangu wawili. Kaka yangu mkubwa yuko Doha, ni fundi wa viyoyozi. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu, na kaka ndiye aliyenisomesha mpaka nikamaliza chuo cha ualimu. Deni hilo sijawahi kulikana, na sidhani kama litaisha.

Alipopata pesa kidogo alinunua fleti hiyo, katika jengo lenye kidimbwi cha kuogelea, si mbali na ufuo. Mwanzo tuliweka mpangaji wa kawaida, akawa analipa 30,000 kwa mwezi bila shida. Kisha kaka akasikia kwa wenzake wa kazini kwamba nyumba za pwani zinalipa zaidi zikikodishwa kwa siku, kwenye Airbnb. Mpangaji akaondoka, tukanunua vitanda na friji. Kwa kuwa yeye hayuko nchini, akaunti niliifungua mimi kwa jina langu. Pesa zinaingia benki yangu. Wageni wa Nairobi wanaorudi kila likizo hunitumia kwa M-Pesa moja kwa moja.

Kazi yote ni yangu, Shangazi. Napokea wageni hata saa tano usiku, nanunua tokeni za stima, nalipa waifai na ada ya jengo, nina mama mmoja ninayemlipa kufua mashuka na kusafisha. Desemba, Agosti na Pasaka tunajaza. Mei mvua ikianza, fleti inakaa tupu. Ukilinganisha mwaka mzima, inaingia kama 65,000 kwa mwezi na gharama zinakula 35,000. Katika 30,000 zinazobaki, 12,000 ni za mama yetu mwenye kisukari: dawa, kliniki na msichana wa kumsaidia nyumbani. Kaka namtumia 13,000. Mimi anasema nichukue 5,000 ya jasho langu.

Sasa kamati ya wakazi imebandika tangazo getini. Kila anayekodisha kwa siku alete nakala ya leseni ya TRA (ya utalii), leseni ya biashara ya kaunti na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa ushuru. Asiyeleta, askari hatawafungulia wageni wake. Mwenyekiti ni mzee mstaafu, tunaheshimiana. Aliniita kando akasema, "Mwalimu, sina ubaya na wewe. Lakini siku kitu kikitokea humu ndani, polisi watakuja kwangu."

Nikaenda saiba kuuliza namna ya kuomba hiyo leseni. Kijana wa pale akaniuliza maswali mawili tu: PIN itakayowekwa ni ya nani, na mapato haya huwa unayatangaza? Nilikosa la kusema. Kila Juni najaza ritani zangu kwa P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, basi. Nilijua nyumba si yangu, kwa hiyo pesa si zangu.

Nilimpigia kaka. Akasema serikali haina muda na fleti moja, nimwambie mwenyekiti kuwa hao ni wageni wa familia. Nikamwambia siwezi kudanganya pale getini, wananijua kama mwalimu wa watoto wao. Akakata simu. Baadaye akanitumia ujumbe wa sauti: "Nilipokuwa nakulipia karo, sikukuuliza leseni." Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mdogo wetu wa Mombasa anasema nimsikilize kaka, mambo ya serikali yatajiseti yenyewe. Yeye hachangii chochote kwa mama. Mama mwenyewe hajui lolote, anaamini dawa zake zinatoka kwenye mshahara wa Doha.

Nauliza: ushuru huu ni wangu au ni wa kaka? Nikienda KRA kujieleza, nitakuwa nimemchoma ndugu yangu? Nikiacha kusimamia, mama atatibiwa na nini? Na nina wageni ambao wameshalipia Desemba. Nifanyeje?

Mwenye Funguo, Ukunda

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikaona mambo matatu yamefungwa kwenye kifurushi kimoja: karatasi ambazo jengo linazitaka, ushuru ambao haujalipwa, na ujumbe wa sauti uliokuchoma. Nadhani huo wa tatu ndio unaokufanya ushindwe kuyatazama hayo mawili ya kwanza kwa utulivu. Lakini niruhusu nianze na karatasi. Zikikaa sawa, maneno ya kumwambia kaka huenda yakapatikana humo humo.

Kwanza mwenyekiti. Humlaumu, ila nahisi unaona kama tangazo lake ndilo lililoleta balaa. Sheria ya Utalii ni ya mwaka 2011, na orodha yake ya biashara zinazohitaji leseni inataja vila, nyumba za wageni, fleti za huduma na nyumba za familia zinazopokea wageni. Kwa miaka mingi wenye fleti moja moja hawakusumbuliwa. Kisha Januari 2024, wanawake wawili vijana waliuawa jijini Nairobi katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi, nchi ikashtuka, na serikali ikawaagiza wenye nyumba za aina hiyo wajisajili na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Hiyo ndiyo TRA inayotajwa kwenye tangazo. (Wasomaji wetu wa Tanga na Dar, msichanganye na TRA yenu ya mapato. Huku ya mapato ni KRA.) Tangu hapo kamati nyingi za majengo zimekuwa kali. Mzee anaogopa kitu halisi.

Ndiyo maana hilo la "wageni wa familia" naliona zito kuliko kaka yako anavyolichukulia. Acha uongo wenyewe. Fikiria mtoto wa mgeni ameteleza kwenye kidimbwi, au mgeni amempiga mwenzake chumbani. Kitabu cha getini kinasema ni jamaa zako, umewaidhinisha wewe, sahihi ni yako. Bima ya jengo itauliza. Polisi watauliza. Kaka yako atakuwa Doha.

Leseni ya TRA peke yake haitoshi. Kuna ya biashara kutoka Kaunti ya Kwale, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya malipo ya wageni, unaokwenda kwa Hazina ya Utalii. Kwa mapato yenu hiyo ni kama 1,300 kwa mwezi, si pesa ya kukosesha usingizi. Lakini kabla hujaomba lolote, muulize kaka akutumie hati ya umiliki wa fleti pamoja na masharti yake. Majengo mengi yana kipengele kinachosema fleti ni ya makazi ya familia tu, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inawapa wamiliki wa jengo nafasi ya kujiwekea kanuni. Kipengele hicho kikiwemo, unaweza kulipia leseni zote duniani na bado jirani akakupeleka kwenye kamati, akashinda. Nakuomba ulitazame hili mapema kwa sababu linaweza kufuta maswali mengine yote.

Sasa nije kwenye sentensi yako moja iliyonisimamisha: "Nyumba si yangu, kwa hiyo pesa si zangu." Moyoni mwako ni kweli, na mimi nakuamini. Ila jiweke mahali pa mtu asiyekujua, anayetazama karatasi. Akaunti ina jina lako. Picha yako ndiyo wageni wanayoiona. Pesa zinaingia benki yako na simu yako, zinalala huko, kisha wewe ndiye unayeamua ngapi ziende kwa mama na ngapi Doha. Hakuna mkataba wowote unaosema wewe ni msimamizi tu. Mtu huyo atasema biashara hii ni ya mwalimu, na kaka yake ni mtu anayetumiwa pesa.

Tuipigie hesabu, maana hapa ndipo nilipoogopa kwa niaba yako. Kwa viwango vya ushuru wa mapato vilivyoanza Julai 2023, mshahara unaotozwa ushuru ukishapita 32,333 kwa mwezi, kila shilingi inayozidi hukatwa asilimia 30 hadi ifike 500,000. Mshahara wako wa ualimu umeshajaza madaraja ya chini. Kwa hiyo mapato haya yakihesabiwa kuwa biashara yako, faida ya 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, inaweza kukaa yote kwenye hiyo asilimia 30. Hiyo ni 108,000. Na wewe katika mwaka mzima unapata 60,000. Mwanangu, ungekuwa unalipa ushuru wa pesa ambazo nyingi hukuzila, na jasho lako lote lisitoshe kuulipia.

Kaka yako analijua hilo? Nauliza tu. Inawezekana kabisa hajui. Anaona fleti ni yake, kwa hiyo hatari ni yake, na wewe unamletea hofu za bure. Huenda anasikia dada anayemuuliza maswali ya leseni, wala hamsikii dada anayebebeshwa mzigo wa PIN.

Tukiigeuza, tuseme mapato yawekwe kwa jina lake, mwenye nyumba halali, bado kuna swali la kama yeye ni mkazi wa Kenya kwa macho ya sheria ya ushuru. Uraia peke yake haujibu. Mtu mwenye makao ya kudumu nchini akija hata kwa muda mfupi katika mwaka huo, anahesabiwa mkazi. Asiye na makao ya kudumu anahesabiwa kwa siku: 183 ndani ya mwaka, au wastani unaozidi 122 ukijumlisha mwaka huo na miwili iliyotangulia. Je, nyumba ya mama ni makao yake ya kudumu? Fleti ambayo hulaliwa na wageni, je? Haya si maswali ya kupoteza wakati, kwa sababu kodi ya nyumba anayolipwa asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya malipo yote kabla ya gharama. Mkazi anayekodisha nyumba ya makazi, akipata zaidi ya 288,000 na isiyozidi milioni 15 kwa mwaka, hulipa asilimia 7.5 tu tangu Januari 2024. Zamani ilikuwa 10.

Utaniambia: basi tulipe hiyo 7.5 tumalize. Kijana wa saiba naye huenda akakwambia hivyo. Kwa mapato yenu ya 780,000 kwa mwaka ni 58,500, na inatamanisha. Lakini nenda polepole hapo. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya nyumba za makazi. Sheria ya VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, inapotaja nyumba za makazi, imeyatoa wazi malazi ya hoteli na ya likizo, na ndiyo sababu wahasibu wengi wanaonya kwamba mwenye kukodisha kwa usiku, akibadilisha mashuka na kupokea wageni, anafanya biashara ya malazi, na faida yake itozwe kama faida ya biashara. (VAT yenyewe iacheni. Inawahusu wanaofikisha milioni 5 kwa mwaka.) Njia ya biashara ina uzito wake na ina nafuu yake pia. Unaondoa gharama kwanza, kwa hiyo Mei tupu haikuumizi. Njia ya 7.5 haisikilizi gharama yoyote, hata mwezi ambao stima na ada ya jengo vimemeza kila kitu. Sheria ya Taratibu za Ushuru inamruhusu mlipa ushuru kumwandikia Kamishna wa KRA na kuomba uamuzi rasmi kuhusu hali yake. Ni njia ya polepole, lakini jibu likija liko kwa maandishi. Kwa fleti moja, huenda mashauriano ya saa moja na mhasibu aliyesajiliwa yakatosha. Si wa saiba, tafadhali, hata kama maswali yake yalikuwa ya akili sana.

Na lile la serikali kutokuwa na muda na fleti moja? Mwaka 2015 ningekubaliana na kaka yako bila ubishi. Siku hizi malipo ya M-Pesa na ya benki yote yana kumbukumbu, na sheria iliyopitishwa Desemba 2024 inawataka wenye majukwaa ya mtandaoni wakate ushuru wanapopitisha malipo kwa wanaouza huduma humo. Sisemi mtu atakugongea mlango kesho. Nasema ule ukimya ambao kaka anautegemea unapungua kila mwaka, na kumbukumbu zote zina jina lako.

Umeuliza kama kwenda KRA ni kumchoma ndugu. Nadhani umeunganisha vitu viwili. Kurekebisha ritani zako mwenyewe si kumshtaki mtu. Sheria inakuruhusu kurekebisha ritani ndani ya miaka mitano, na aliyejirekebisha kabla ya kuitwa huwa na nafasi nzuri ya kuzungumza, hata kuomba kulipa kwa awamu. Itauma, sikufichi: kuchelewa kulipa kuna adhabu ya asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Msamaha wa adhabu na riba uliofunguliwa mwishoni mwa 2024 ulifungwa tarehe 30 Juni 2025, na ulihusu madeni ya hadi Desemba 2023. Ila usikimbilie iTax, tovuti ya ritani ya KRA, leo usiku ukaanza kubofya. Ukiyatangaza mapato yote kuwa yako, umeandika kwa mkono wako kwamba biashara ni yako, na hilo ni gumu kulirudisha. Ndiyo maana nasisitiza lile swali la jina mlijibu kwanza, wewe na kaka.

Naziona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Mnaweza kuhamishia biashara kwake: akaunti kwa jina lake, benki yake, PIN yake kwenye leseni, na wewe ukaongezwa kama msimamizi. Mwandikiane mkataba, na akupe hati ya uwakilishi ili uweze kusaini mambo ya hapa. Malipo yako ya usimamizi yatakuwa mapato yako, utayatangaza, lakini ni ya kiasi unachokipata kweli. Mwiba ni kwamba itabidi akubali kuonekana, na asipotambuliwa kuwa mkazi hesabu yake inakuwa nzito. Pia utapoteza zile sifa nzuri ambazo wageni wamekuandikia kwenye akaunti yako, na hilo ni hasara ya kweli kwa mwenye fleti.

Au uichukue wewe rasmi. Uikodi fleti kutoka kwa kaka kwa mwezi, uwe mwenye biashara, faida na hasara zako. Wengi hawaifikirii njia hii kwa sababu inabadilisha nani ni mkubwa wa nani. Kodi unayomlipa inakuwa gharama yako, lakini akiwa si mkazi ni wewe unayetakiwa kukata ile asilimia 30 na kuiwasilisha, usipoikata utadaiwa wewe. Na Mei tupu inakuwa shida yako. Una mshahara na watoto wawili. Pima mwenyewe kama unautaka ujasiriamali huu, au uliupokea kwa sababu kaka alikuomba.

Njia ya tatu umeitaja mwenyewe bila kujua: yule mpangaji wa 30,000. Nilirudi kuisoma hiyo sentensi. Mpangaji alikuwa analipa 30,000. Leo, baada ya mashuka, waifai na kuamka saa tano za usiku, zinabaki 30,000. Najua vitanda vimenunuliwa, na najua ada ya jengo ingetoka kwenye kodi ya mpangaji, kwa hiyo si sawasawa kabisa. Najua pia bei za nyumba Diani zimebadilika. Lakini mpangaji wa mwaka hahitaji leseni ya TRA wala ushuru wa utalii, mwenyekiti hana neno naye, na hapo ndipo ile 7.5 inapokaa bila ubishi, kama kaka ni mkazi. Mwiba wake uko kwa kaka: atahisi amerudishwa nyuma mbele ya wenzake wa kazini. Mpelekee hesabu ya miezi kumi na miwili, mapato na gharama, ajionee. Mafundi wanaheshimu namba.

Unaweza pia kurudisha funguo. Sikwambii ufanye hivyo. Nakuonyesha mlango upo, kwa sababu mtu anayejua anaweza kutoka huzungumza kwa sauti tofauti na anayejiona amefungiwa. Na mnaweza kuendelea kama mlivyo, wengi wanaendelea, ila nimeshakueleza jina lililo kwenye kila karatasi.

Sasa huo ujumbe wa sauti. Mtu aliyeko ugenini, anayetuma pesa mwaka baada ya mwaka, mara nyingi huona nyumba aliyonunua nyumbani kama ushahidi pekee kwamba miaka yake haikupotea. Ukimwambia fleti ina kasoro za kisheria, huenda anasikia unamwambia maisha yake yana kasoro. Sisemi haya kumtetea, maneno yale yalikuwa makali na ulikuwa na haki ya kuumia. Lakini unaposema deni lako haliishi, jiulize ni deni la aina gani. Alikusomesha uwe mwalimu. Je, angetaka ulilipe kwa kuhatarisha jina la huyo mwalimu aliyemsomesha? Huenda hajawahi kulitazama hivyo. Ukizungumza naye tena, labda usianzie kwenye leseni. Anza na hizo 108,000 na 60,000. Mwambie, "Kaka, nisaidie, mzigo huu karatasi zinaniandikia mimi." Ombi la msaada kwa kaka aliyezoea kusaidia husikika tofauti na onyo.

Kuhusu mama, nina swali linaloweza kukuudhi kidogo. Kwa nini dawa zake zimefungwa kwenye fleti peke yake? Fleti ikikaa tupu miezi mitatu kwa mvua au kwa uchaguzi, atakosa dawa? Mdogo wenu wa Mombasa ana ushauri mwingi, na anayeshauri anaweza pia kuchangia. Shilingi 12,000 zikigawanywa kwa watatu ni 4,000 kila mmoja. Mkishaitenga matibabu ya mama na fleti, mtaweza kuzungumza juu ya fleti kama mali, bila mgonjwa kuwekwa katikati. Kama mama aambiwe au asiambiwe, wewe unamjua afya yake na moyo wake kuliko mimi.

Tukija kwa wageni wa Desemba. Usiwafiche, na usiwafukuze kwa hofu. Mwandikie mwenyekiti barua fupi, mwambie mnashughulikia hati, taja tarehe mtakayompa jibu, na uombe wageni ambao tayari wamelipa waruhusiwe kwa kuandikishwa kikamilifu getini, kila mmoja na kitambulisho chake. Akikubali, fanya hivyo kweli, na zile picha za vitambulisho vya watu usiziache zikizagaa kwenye WhatsApp yako, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahusu hata mwenye fleti moja. Leseni haina budi kuombwa mapema, kwa sababu barua ya mwenyekiti inafungua geti tu, haiwi leseni. Akikataa, wajulishe wageni mapema wapate pa kwenda, maana Desemba Diani hujaa haraka, na kurudisha pesa ya mtu Novemba ni nafuu kuliko kumrudisha yeye na watoto wake kutoka getini usiku wa sikukuu. Wale wa Nairobi wanaokulipa kwa M-Pesa, anza leo kuwaandikia risiti na uweke nakala. Chochote mtakachoamua wewe na kaka, mhasibu atakuuliza hizo kwanza.